Hodi ya Hedwiga

Hedwiga alikuwa mtu wa kupiga hodi akiwa tayari jikoni kwako. Ameshafunua sufuria, ameshauliza chumvi iko wapi, ndipo unasikia, "Hodi humu ndani!" Mama yake, kule Marangu, alimsema mpaka akachoka. Dada yake wa Njiro, aliyekuwa akiishi naye, hakuhangaika hata kumsema, alifunga mlango kwa komeo. Na bado watu walimpenda, maana alikuwa na kicheko cha karibu na kichwa chepesi kwenye kompyuta.

Kichwa hicho ndicho kilichompa kibarua mwaka 2004. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamesharuhusiwa, na kikundi kimoja cha wakulima wa huko juu ya Makumira kilimpata mnunuzi wake, Mjerumani. Mjerumani alikuwa na sharti moja: kila Ijumaa kabla ya saa sita mchana, orodha ya sampuli iwe imeingia ndani ya kompyuta yake kule Hamburg. Isipoingia, atatafuta kahawa kwingine. Hedwiga akaajiriwa kwa majaribio, kazi yake kuifikisha orodha.

Siku ya pili akapanda kwa mwenyekiti, Mzee Nathanaeli, kumweleza mpango wake. Aliingia moja kwa moja hadi mezani. Familia nzima imefumba macho inaombea chakula, yeye anaeleza habari za modemu, kile kidude cha kupitisha faili kwenye waya wa simu. Mzee alimaliza sala taratibu, akasema amina, akamtazama.

"Binti, Ijumaa tatu," alisema. "Ya tatu ikishindikana, sisi tunarudi kwenye mambo yetu ya zamani, na wewe unarudi kwenu."

Hedwiga akashuka mlima anapiga mluzi. Ijumaa tatu za nini? Yeye alitaka moja.

Hakujua kuijenga njia ya kompyuta kuongea na kompyuta nyingine, na hakuona aibu kutojua. Alipakua mtandaoni kipande cha programu kilichotengenezwa na kampuni ya watu wengine kabisa, kazi yake ni hiyo tu, kufungua njia na kupitisha maneno. Yeye akaandika skripti ya kukiamrisha: fungua njia, taja jina, taja neno la siri, tuma faili, funga. Mistari michache, imenyooka. Akaijaribu kati ya kompyuta mbili za ofisini pale Usa River, faili likaruka kama panzi. Akajipongeza kwa chapati mbili.

Ijumaa ya kwanza, Hamburg ikamkatia. Skrini ikasema upande wa pili umefunga njia. Hedwiga akalaumu mvua, na waya wa simu uliopita katikati ya matawi. Orodha ikaenda kwa faksi, na Mjerumani akavumilia. Ijumaa ya pili akakatiwa tena. Safari hii akawaandikia wenye kile kipande barua pepe ya ukali. Wakamjibu kwa upole kwamba kipande ni kizima, je, yeye anasoma anachoambiwa na upande wa pili? Hedwiga akasonya, akalifuta jibu lao. Mjerumani naye akaandika kwamba faksi nyingine hapokei.

Ijumaa ya tatu, saa tano, Mzee Nathanaeli akaja mwenyewe na koti lake la ibada. Akakaa kwenye kiti cha mbao nyuma ya Hedwiga, kofia juu ya goti. Hedwiga akaiamuru skripti. Ikakatiwa. Kwa mara ya kwanza aliogopa kweli kweli.

"Ngoja niifungue njia kwa mkono, mzee, nione inakatikia wapi."

Akaifungua. Skrini nyeusi, kimya. Vidole vikamwasha, vikataka kuandika jina.

"Umeshabisha hodi?" mzee aliuliza.

"Nimeshabisha."

"Sasa mbona una haraka? Hujajibiwa."

Hedwiga akaviweka vidole mapajani. Sekunde nne, tano, saba. Ndipo mstari mmoja ukajitokeza: kompyuta ya Hamburg ilikuwa inajitambulisha na kumkaribisha.

Aibu ikampanda hadi masikioni. Skripti yake haikusubiri neno hilo hata mara moja. Mlango ukifunguka tu, inaropoka jina na siri zake zote, na mwenye nyumba anaufunga. Pale ofisini kompyuta jirani ilijibu upesi mno, utovu wa adabu haukuonekana. Skripti hiyo aliiandika kwa sura yake mwenyewe.

Akaongeza mistari: ukifungua njia, subiri ukaribishwe, hata nusu dakika nzima. Ukisema neno, subiri ujibiwe. Akaiamuru tena. Saa sita kasoro dakika kumi, orodha ilikuwa Hamburg.

"Imefika?"

"Imefika, mzee."

Mzee akavaa kofia. "Jumapili baada ya ibada, uje nyumbani uchukue barua yako."

Barua ya nini, hakusema. Hedwiga hakulala vizuri siku mbili.

Jumapili akavuka mfereji wa mbele ya nyumba ya mzee, akasimama nje ya mlango uliokuwa wazi. "Hodi!" Kimya. Harufu ya ndizi na nyama ikamjia puani. Akahesabu moyoni. Ishirini. Thelathini. Hapo skripti yake ingekata tamaa. Hedwiga akaendelea kusimama, jasho linamtoka.

"Karibu, mwanangu!" Mama Marta, mke wa mzee, alijibu hatimaye, kicheko kimembana. "Tumekuona tangu ulipovuka mfereji."

"Shikamooni."

"Marahaba."

Barua ilikuwa mezani, imeegemezwa kwenye bakuli la sukari, na kwa nje imeandikwa Ajira. Chakula bado kilikuwa kimefunikwa. Hedwiga akanyoosha mkono kuichukua.

"Baadaye," mzee alisema. "Tulikuwa tunakusubiri wewe ndipo tuombe."

Hedwiga akaurudisha mkono, akafumba macho.