Moto wa Baba Wakati wa Kipindupindu

Nilifunga safari ya Nkoma kwa sababu baba yangu aligoma kula. Habari niliipata kwa binamu yangu aliyekuja Mwanza kununua vipuri vya baiskeli. "Mzee anakunywa maziwa tu," alisema. "Wamemkataza kula na wenzake kwa ajili ya kipindupindu, naye anasema kujifungia ndani na sahani ni mambo ya wagonjwa. Amekonda, dada. Ukichelewa utamkuta mifupa." Mimi wakati ule nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mtu wa kuamrisha na kutiiwa. Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nikiwa na hakika kwamba siku moja ingenitosha kumweka mzee sawa.

Asubuhi nilipanda basi la Bariadi. Ilikuwa miaka ile neno "ruksa" lilipokuwa mdomoni mwa kila mtu. Mitumba ruksa, maduka ya watu binafsi ruksa, na wakulima wa kwetu, waliozoea kuuza pamba kwenye chama cha ushirika tu, walikuwa wameanza kufuatwa na wanunuzi hadi mlangoni. Bariadi ilikuwa bado ya Mkoa wa Shinyanga, na ukitaja Simiyu watu walijua unasema mto.

Lamadi tulishushwa wote tunawe maji ya dawa. Nilivyoipenda Lamadi ya utoto wangu! Basi lilikuwa halijasimama vizuri, samaki wa kukaanga wamekwisha kufika madirishani. Siku hiyo hapakuwa na harufu ya mafuta wala kelele. Mama mmoja alikaa kando ya barabara na karai tupu, akiuza ndizi ambazo hazijamenywa.

"Nchi hii bwana," alisema abiria mmoja wa makamo huku akikung'uta mikono. "Kila kitu ruksa, ila samaki wa huyu mama. Huo ni uhuru gani?"

"Baba, mimi nimemzika mdogo wangu juzi," yule mama akamjibu. "Niache na karai langu."

Yule bwana alinunua ndizi, akarudi kwenye kiti chake.

Bariadi mjini migahawa ilikuwa imefungwa. Nilipata chai ya moto kwa mtu niliyefahamiana naye, kisha lori la mnunuzi wa pamba. Nilikaa juu ya magunia matupu, nikivuta ile harufu ya pamba na vumbi ambayo hadi leo ikinijia naona jengo la shule yetu na ng'ombe wa baba. Mashamba yalikuwa meupe pande zote mbili. Nilisahau kabisa kwamba nimekwenda kugombana na mtu.

Nilifika Nkoma jua likiwa limeanza kupoa. "Mwadila, baba," nilimwamkia. "Mwadila, mayo," akaitikia, kwa kuwa binti kwetu huitwa mama. Koti lilikuwa linamcheza mabegani. Alikaa kwenye shikome, pale mbele ya nyumba ambapo wanaume wa jirani walikuwa wakikutana kila jioni, kila mmoja akiletewa chakula kutoka kwake, wakachanganya na kula kwa pamoja. Moto ulikuwa unawaka. Viti vyote vilikuwa vitupu isipokuwa chake.

Mama alileta ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo sijawahi kuyapika yakawa kama ya kwake. Baba hakuyagusa. Nikaanza somo langu la vijidudu, maji ya kuchemsha, beseni moja la kunawia watu wengi. Alinisikiliza kwa adabu sana.

"Umesema vizuri, mwalimu," alisema. "Sasa niambie, pamba yangu naruhusiwa kumuuzia nimtakaye. Ugali wangu kwa nini nipangiwe wa kula naye?"

"Kwa sababu pamba haiui, baba."

Alicheka kidogo. Bado hakula.

Aliyetangaza katazo hilo alikuwa Luhende, kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. Mtu aliyevunja amri yao alitengwa, asisalimiwe wala kupewa kaa la moto. Na Luhende huyo ndiye aliyekuwa akila na baba tangu walipokuwa wanachunga pamoja. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijishamba cha pamba, mbele ya macho yetu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwake, nikamwomba amruhusu baba walau mwenzake mmoja.

"Siwezi, mayo," alisema. "Bwana afya alinionyesha makaburi ya kitongoji cha pili. Walikula sahani moja msibani. Nikimruhusu baba yako Masunga, nitamkataza nani?" Akatazama chini. "Na mimi chakula hakipiti."

Nilirudi nimenyong'onyea. Nilikuwa naogopa kweli kumzika baba yangu kwa njaa, katika nyumba yenye ghala lililojaa.

Jioni ile tuliona moshi ng'ambo. Luhende alikuwa amewasha moto mwisho kabisa wa uwanja wake, akaweka kiti na bakuli lake, akaugeukia upande wetu.

"Masunga!" aliita. "Karibu tule!"

Baba alichochea moto wake hadi nikakata tamaa. Kisha akasimama, akabeba kiti chake hadi ukingoni mwa shamba. "Lete ugali," akaniambia. Halafu akapaza sauti, "Wewe mchoyo, unakula nini huko?"

"Michembe!" akajibu, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Mboga gani?"

"Njoo uone!" Wakacheka wote wawili, na baba akamega tonge. Nililia nikiwa nimesimama nyuma yake na beseni la maji. Jioni iliyofuata moto ulionekana kwenye nyumba nyingine tatu au nne, na wanaume wakila huku wakitaniana kwa kupaza sauti kuvuka mashamba ya pamba.

Nilirudi Mwanza kwa lori na basi lile lile. Mwalimu mkuu aliniuliza kama nilimweka mzee sawa. Nikamwambia amekula, nikaishia hapo.

Nilikwenda tena mwaka uliofuata, kipindupindu kimekwisha na katazo limeondolewa. Ng'ambo ya shamba palikuwa na nyumba mpya za bati zilizojengwa kwa pesa ya pamba, na redio ndani. Jioni baba aliwasha moto, akapanga viti vyote, akaita kwa sauti iliyokuwa imeanza kuchoka, "Njooni! Siku hizi ni ruksa!"

Luhende alikuja na bakuli lake, wakachanganya chakula kama zamani. Nilivitazama viti vingine mpaka moto ukapungua. Wenyewe walikuwa kwao, wanakula ndani, na hapakuwa na mtu aliyewakataza kuja.