Shuka Nyeupe za Ng'ambo

Mama Mkubwa alifua shuka za hospitali miaka ishirini na sita, na miaka yote hiyo hakuipima nchi kwa kitu kingine. Wengine wakisifu barabara, yeye alisema, "Nionyeshe shuka zao, nitakwambia wanaishije." Wenzake wa chumba cha kufulia walimwita Povu, kwa kuwa mikono yake haikukauka, wala ulimi wake.

Kisiwa chao kilikuwa nchi nzima ambayo mtu angeizunguka kwa baiskeli kabla ya adhuhuri. Maji yalitoka kwa zamu. Ng'ambo, saa sita kwa boti, kulikuwa na nchi nyingine, kisiwa kidogo vilevile, na mdogo wake wa kiume alioa huko. Kila Jumapili alipiga simu kuisifu.

"Dada, huku bomba halilali. Redio imesema tunawazidi umri wa kuishi kwa miaka minane!"

"Na wewe umeongeza mingapi? Maana akili bado ya juzi."

Walicheka. Lakini Baba Mkubwa, mumewe, fundi saa mpole, alikuwa na ngiri aliyoificha chini ya shati kama mtu aliyeiba embe. Ilipoanza kumuuma, daktari wa hospitali yao alimwandika kupasuliwa Alhamisi.

Mama Mkubwa hakulala vizuri. Shuka za wodi ile alizijua moja moja: zenye viraka, zenye madoa ya damu yaliyogoma kwa sabuni na kwa maji ya moto. Amlaze humo mume wa ujana wake? Mdogo wake akamtumia picha ya wodi ya ng'ambo. Vitanda kumi na viwili, shuka nyeupe kama unga, hakuna doa hata la dawa.

"Mke wangu," Baba Mkubwa akasema, "daktari wetu namjua. Nimemtengenezea saa."

"Saa ndiyo, utumbo hapana. Vaa viatu."

Jumanne wakapanda boti. Mawimbi yalimsukasuka mgonjwa, na walipofika tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Wakapokelewa kwa upole. Bomba lilitiririka, sakafu iling'aa. Mama Mkubwa akamshukuru Mungu kwa sauti, akainama kumtandikia mumewe vizuri.

Hapo mikono yake ikasita. Shuka ilinukia duka. Mikunjo ya kiwandani bado ilikuwamo, mistari minne iliyonyooka. Akashika ya kitanda cha pili, kisha cha tatu. Zote hivyo hivyo.

"Mwanangu," akamwambia muuguzi, "hizi zimefuliwa lini?"

"Hazijafuliwa, mama. Tulipewa mwaka juzi."

"Wagonjwa wenu wanalala wapi?"

Muuguzi akatazama chini. "Wa kupasuliwa tunawapeleka kwenu. Hapa daktari wa upasuaji huja mara moja kwa mwezi. Hatukujua kama mnakuja, mama."

Boti ya kurudi ilikuwa kesho yake mchana. Baba Mkubwa hakuifikia. Alikata roho alfajiri, mkono wake ndani ya mkono wa mkewe, juu ya shuka isiyo na doa. Mungu ndiye atoaye na ndiye atwaaye, na jina lake litukuzwe. Lakini Mama Mkubwa alilisema neno hilo akisaga meno, na Mungu, anayejua mioyo, bila shaka alimsikia.

Baada ya maziko mdogo wake alilia mbele yake. "Dada, sijawahi kuugua huko. Ningejuaje?"

"Mimi ndiye mfuaji," akamjibu. "Doa nilipaswa kulisoma mimi."

Jumatatu alirudi kazini. Wenzake hawakumtania. Daktari alipita mlangoni, akasimama.

"Pole, mama. Alhamisi ile tulimngoja. Nilikuwa nimemweka wa kwanza."

Mama Mkubwa aligeukia pasi yake. Kwenye meza kulikuwa na shuka kuukuu yenye doa kubwa la kahawia, ya mgonjwa aliyerudi kwake Ijumaa kwa miguu yake mwenyewe.

"Hiyo tupa, Povu," mwenzake akasema taratibu. "Hilo doa halitoki."

Hakuitupa. Aliinyoosha kwa viganja, akapiga pasi juu ya doa, akarudia, akarudia, mpaka mwenzake akaja kuiondoa pasi mkononi mwake, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimeanza kuungua.