Ragnfrid na Kijumba chenye Sakafu

Ragnfrid Østmo akija kukutengenezea pampu ya joto huvua viatu mlangoni kama mtu yeyote mwenye adabu, na hapo unaziona soksi zake za sufu, kisigino kimoja chekundu, kingine kijani. Amezitia viraka mwenyewe. Kisha husimama katikati ya sebule, kichwa upande, akisikiliza. Kwa miaka thelathini alitengeneza matangi ya kupozea maziwa katika mazizi ya bonde letu, na nadhani ng'ombe ndio waliomfundisha kutokuwa na haraka.

Pampu za joto zilipoanza kufika huku Tynset watu walizicheka. Utachotaje joto katika hewa inayogandisha kope? "Ni friji," Ragnfrid aliwajibu. "Friji hutoa joto kwenye maziwa na kulitupa nyuma yake. Hii hulitoa uani na kulitupa sebuleni kwako." Hana maelezo mengine hadi leo. Ametoa viota vya panya ndani ya pampu, na kwa mchungaji wa kanisa letu alitoa taa za Krismasi zilizojisokota kwenye feni. Lakini hajawahi kumwambia mwenye nyumba kuwa yeye ndiye mwenye kosa. Ukimpa mawazo yako hujibu "Inawezekana." Nimemchunguza miaka mingi: "inawezekana" ya Ragnfrid maana yake ni hapana.

Ijumaa moja ya Februari nilimpigia simu saa moja asubuhi. Sebule yetu ilikuwa na nyuzi joto kumi na tatu. Kesho yake saa nane mchana binti yangu Ingvild alikuwa anakuja na mtoto wake wa kwanza, wa wiki tatu, ambaye nilikuwa nimemwona kwenye simu tu. Na alishasema: "Mama, nesi anataka chumba kiwe na nyuzi ishirini. Kisipofika, tutalala kwa mama mkwe."

Mama mkwe ni Gunnvor. Gunnvor ana sakafu inayotoa joto. Gunnvor alikuwa ameshafuma kofia nne. Sisi jiko la kuni lilikuwa limepigwa marufuku na mkaguzi kwa sababu ya ufa kwenye dohani, kwa hiyo tulibaki na pampu tu.

"Gesi ya pampu imeisha," mume wangu Asbjørn alimwambia Ragnfrid kabla hajavua kiatu cha pili. "Nimesoma."

"Inawezekana."

Akafungua kifaa cha ukutani, akatoa chujio, akaliangalia kwenye mwanga. Lilikuwa safi.

"Unalisafisha lini?"

"Jumatatu na Alhamisi," nikasema.

"Na akiwa na wasiwasi," Asbjørn akadakia. "Yaani kila siku."

Ragnfrid aliweka kiganja chini ya upepo. "Inapuliza joto, halafu?"

"Baada ya muda inanguruma, inanyamaza, kisha inaanza tena," nikasema. "Mara tatu kwa saa. Nimehesabu."

"Inapofanya hivyo inayeyusha barafu yake ya nje. Mara moja si neno. Mara tatu, kuna kinachoisumbua."

Akanywa kahawa yake yote, polepole, huku mimi nikitazama saa. Ndipo tukatoka nje.

Kifaa cha nje ni sanduku la bati lenye feni, na halipendezi. Kwa hiyo wanaume wa barabara yetu hulijengea kijumba cha mbao. Asbjørn alijenga chake Oktoba: chekundu, kona nyeupe, madirisha yenye mapazia ya kuchora, na vibao vya mbele vilivyobanana ili theluji isipenye. Cha jirani yetu kina dohani moja. Chetu kina mbili.

Ragnfrid alikizunguka. "Nyumba nzuri."

Asbjørn akavimba. "Skrubu mia na arobaini."

"Naona."

Akainua kipimajoto chake chenye waya. Uani zilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Akaupenyeza waya kati ya vibao, tukasubiri. Thelathini na moja, nazo chini ya sifuri. Akamwonyesha Asbjørn.

"Hicho kimeharibika," alisema Asbjørn.

"Inawezekana. Hebu weka uso hapo kwenye kimlango cha nyumba yako."

Alipiga magoti kwenye theluji, mzee wangu, akaingiza uso. Alipoutoa, sharubu zilikuwa nyeupe.

"Kuna nini?"

"Upepo."

"Wa moto?"

"Ragnfrid, usinitanie."

"Pampu inavuta hewa, inainyang'anya joto, inatema baridi zaidi. Ile iliyotemwa inapaswa kwenda zake. Hii inagonga vibao na kurudi kuvutwa tena." Akamulika chini kwa tochi. Barafu ilikuwa imeumuka kama keki, imekaribia kugusa feni. "Na maji ya kuyeyuka hayana pa kutokea. Umeweka sakafu?"

"Nyumba gani haina sakafu?"

Asbjørn akachukua shoka ili apasue barafu. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona Ragnfrid akikimbia. "Weka chini! Ukitoboa bomba, hapo ndipo gesi itakapoisha!"

Asbjørn aliweka shoka, akakumbatia paa. "Nyumba haiondoki hapa. Nimeijenga ili mjukuu aione."

"Ataiona kwenye picha," nikamwambia, "akiwa kwa Gunnvor."

Ragnfrid aliuliza kama kahawa ya pili ipo.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Ingvild. Wiki nzima nilikuwa nikimdanganya kuwa tuna nyuzi kumi na tisa, na ulimi ulikuwa umechoka, nikampa baba yake. Asbjørn hajui kudanganya, hata kuhusu uzito wa samaki.

"Baba, ndani kuna ngapi?"

Alikitazama kijumba. Akazitazama zile dohani mbili.

"Kumi na tatu," akasema. "Lakini niulize tena kesho saa sita." Akakata simu. "Bisibisi iko wapi?"

Tulifungua skrubu za chini tu, tukakinyanyua watatu na kukipakia kwenye kiti chenye vyuma vya kuteleza kwenye theluji, ninachoendea dukani. Asbjørn alikisukuma mpaka katikati ya ua, akakifuta theluji. Ragnfrid akamwagia barafu maji ya vuguvugu, birika baada ya birika, mpaka ikaachia mapande mapande. Feni ikazunguka bila kukwaruza. Jioni tulifika kumi na saba. Asubuhi, ishirini. Sikumruhusu mtu kufungua mlango bila sababu.

Ingvild aliingia, akatoa kipimajoto chake mwenyewe mkobani, akakiweka mezani. Hakika ni mwanangu. Tulisimama tukikitazama. Ishirini na moja. Akamvua mtoto kofia ya Gunnvor, akamweka mikononi mwangu.

Gunnvor mwenyewe alifika baada ya saa moja, na kofia ya tano. Alisimama dirishani.

"Jamani, kijumba kizuri hivi mmekiacha kwenye theluji? Pampu yangu mimi iko uchi. Asbjørn, si kingenifaa?"

Asbjørn alifungua mdomo ili aeleze. Nikamkanyaga mguu, taratibu, mtoto asishtuke.

"Inawezekana," nikasema.