Ulezi wa Kukopa, Sufuria ya Kuazima

Walisema sitaweza. Aliyesema kwa sauti kuliko wote ni mkaza mjomba, mke wa mjomba wangu mkubwa, akiwa amesimama mlangoni kwa mama na jembe begani. Alisema serikali ya Mdachi ilikuwa imewakusanya wakubwa wa Ungoni kwa kamba moja ya kunyongea, lakini serikali hiyohiyo, pamoja na bunduki zake, isingeweza kuwakalisha wajomba zangu wawili kwenye ugali mmoja.

"Na wewe una nini?" akaniuliza. "Una karatasi."

Ni kweli nilikuwa na karatasi. Kilikuwa cheti cha useremala chenye muhuri wa tai, nilichopewa Pwani baada ya kusomea kazi hiyo kwenye shule ya ufundi. Niliondoka Songea kabla ya vita, kijana asiye na shati, nyuma ya msafara wa wapagazi. Nilirudi na cheti, sanduku la vifaa na jozi ya viatu. Sikusaidiwa na mtu. Sijasikia seremala mwingine wa kwetu aliyepata cheti kabla yangu, na nimeuliza sana.

Niliporudi, vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha na njaa iliyofuata ilikuwa inaelekea kwisha. Mama alikuwa hai. Nyumba yake ilikuwa mpya, maana ya zamani ilichomwa. Nilimwonyesha cheti, akakishika kwa vidole viwili, akakitazama juu na chini, akaniuliza kama kinaweza kumrudishia Noeli.

Hapa lazima nieleze Noeli ya kwetu ilikuwaje. Mama alibatizwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo, na kaka zake wawili wakamfuata. Kila mwaka tulitoka alfajiri kwenda misheni kwa misa, tukarudi mchana tukiwa tumelowa, kwa sababu Noeli ya Songea ni ya mvua na matope. Njiani wanawake walichuma uyoga porini, na watoto tuliokota matunda ya masuku tukayala hadi matumbo yakauma. Nyumbani kulikuwa na kuku, uyoga, na ugali wa ulezi. Ulezi haukuwa na mjadala. Bibi alikuwa amesema kwamba siku ya Noeli wana wa mama mmoja wanakula ulezi katika chombo kimoja, na bibi akishasema, hata padri alikuwa anatafuta jambo jingine la kusema.

Vita viliharibu hilo. Mjomba mkubwa alikunywa maji ya dawa, akamwagiwa mengine kichwani, akachukua mkuki na ngao akaenda. Mjomba mdogo alikuwa mpagazi wa boma, akabaki huko, akabeba mizigo ya askari. Askari wale walipokuwa wanachoma maghala ya vyakula, walichoma na ghala la mjomba mkubwa. Mjomba mdogo alikuwepo siku hiyo. Yeye alisema alibeba sanduku, hakubeba moto. Mjomba mkubwa, alipotoka porini na kukuta majivu, alisema hali chakula na mtu aliyesimama kutazama chakula kikiungua. Tangu siku hiyo hawakuitana kwa jina wala kwa udugu. Kila mmoja alimwita mwenzake "yule". Mama naye akatangaza kwamba hatapika tena Noeli mpaka kaka zake wote wawili wawe chini ya paa lake. Alikuwa hajapika tangu hapo, na umri ulikuwa unakwenda.

Basi nikaamua kuipika mimi, yaani kuifanya ipikwe. Kwanza nilitengeneza meza ya mninga, ndefu kiasi kwamba ilibidi tutoe mlango ili iingie. Ilikuwa meza nzuri. Ipo hadi leo na haijalegea mguu. Kisha nilikwenda kwa wajomba mmoja mmoja kuwaalika. Mjomba mkubwa aliitikia shikamoo yangu, akanisikiliza hadi mwisho, akaendelea kunoa panga. Mjomba mdogo alisema angefurahi sana kuja, na kwamba hatakuja.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi niliendelea na maandalizi. Kwa mjane mmoja wa Ruhuwiko niliazima jogoo na kuku wawili, kwa ahadi ya kumrudishia kuku wengine. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu wa upande wa Tunduru aliyekuwa na banda kwenye njia ya Namtumbo, alinikopesha chumvi na kuniazima sahani za bati. Alicheka akasema sikukuu ni yetu lakini sahani ni zake, Mungu ni shahidi, ila yeye hupenda shahidi pamoja na rehani. Nikamwachia randa yangu.

Ulezi ndio ulikosekana. Pesa za ulezi nilikuwa nazo, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kutengeneza milango ya nyumba za serikali, lakini ulezi wa kununua haukuwepo. Watu walikuwa wamekula hata mbegu. Mwenye ulezi alikuwa mmoja tu, mjomba mkubwa, aliyefukia mtungi mzima wa mbegu porini na kuulinda wakati wote wa njaa. Nilirudi kwake. Sikumwalika. Niliomba kikapu kimoja cha ulezi kwa ajili ya dada yake, nitakirudisha baada ya mavuno.

Mjomba alisimama. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikapu, akakitua mbele yangu lakini hakukiachia.

"Utapikwa lini?"

"Siku ya Noeli, mjomba."

"Nitakuja kuona unaliwa na nani," akasema, na hapo ndipo akaachia.

Nataka msomaji aelewe kwamba palepale, kikapu kikiwa kichwani, niliona njia yote. Mjomba mkubwa hawezi kwenda kwenye karamu atakayokuwepo yule. Lakini mwenye mali anaweza kwenda popote mali yake ilipo, na hakuna wa kumcheka. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba mdogo, nikamwomba aniazime ile sufuria kubwa ya chuma aliyoipata boma, ambayo hakuwa amewahi kumwazima mtu. Alinitajia kasoro zote za watu wanaoazima sufuria. Mwishoni alikubali, kwa sharti kwamba atakuwepo mwenyewe inapokuwa jikoni.

Siku ya Noeli mvua ilinyesha tangu misa. Mjomba mkubwa alifika wa kwanza. Mama alitoka na maji ya kunawa, akakumbuka, akaiweka kata chini. Tangu vita mjomba hakukubali kumwagiwa maji na mtu yeyote. Alinawa mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza sababu. Alikaa ncha ya meza iliyo karibu na mlango, penye upepo wa nje. Mjomba mdogo alifika baadaye, akaketi ncha nyingine ya meza, penye kuonekana jiko. Ile meza waliyosema ni ndefu kupita nyumba ilikuwa na urefu unaotakiwa kabisa.

Walikaa hivyo, mmoja akilinda ulezi, mwingine akilinda sufuria, na ulezi ukiwa ndani ya sufuria. Mama alikuwa anasonga. Harufu ya kuungua kidogo ikatoka.

Mjomba mkubwa akaniambia mimi, "Mwambie yule, sufuria yake inaunguza."

Nilifungua mdomo nipeleke ujumbe, lakini mjomba mdogo hakungoja. Alijibu moja kwa moja kule ulikotoka ujumbe.

"Sufuria haiunguzi. Ulezi una mchanga."

"Ulezi ulikaa ardhini. Ulitaka usiwe na mchanga?"

"Sijasema kitu. Nimesema una mchanga."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyosemezana tangu vita. Mama alikuwa amewapa mgongo, akisonga. Niliona mabega yake yakitikisika, nikadhani ugali umekuwa mgumu, nikaenda kumsaidia akanisukuma kwa kiwiko. Chakula kililiwa kwenye sahani za bati, kila mtu na yake, kama Wazungu, hivyo hakuna aliyeweza kusema kwamba wamekula pamoja. Waliondoka kwa njia mbili tofauti. Mjomba mkubwa alinikumbusha ulezi wake. Mjomba mdogo alikubali sufuria ikae kwetu kwa muda, kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa na njia mbaya.

Mwaka mpya ulipoanza tu nilirudisha sahani na chumvi kwa mfanyabiashara, maana seremala bila randa ni mtu mwenye mbao tu. Mjane naye alipata kuku wake, na nikamwongezea kigoda. Baada ya mavuno nilipata ulezi mzuri kutoka Lusewa, nikajaza kikapu, nikakiweka kichwani. Mama akakishusha.

"Unakwenda wapi?"

"Kulipa."

"Ukimlipa, Noeli atakuja kufanya nini?"

Nilirudisha kikapu ndani. Kwa mtu wa kawaida hilo si kitu, lakini mimi nilikuwa mtu mwenye cheti, ninayetengeneza milango ambayo Bwana Mkubwa wa boma anaifungua kwa mkono wake, na nikawa mtu asiyeweza kulipa kikapu kimoja cha ulezi. Mkaza mjomba hakuliacha lipite. Jumapili, nje ya kanisa, mbele ya watu, aliniuliza ulezi wao umeshaota au bado uko Pwani unasomea cheti. Wanawake walicheka. Nilivumilia. Nimevumilia mambo mengi maishani na nimeyavumilia vizuri.

Noeli ya pili walikuja wote wawili, kila mmoja kwa mali yake. Lakini sahani hazikuwepo tena. Mama alipakua ugali wote kwenye ungo mmoja akauweka katikati ya meza, akasema hana la kufanya, fundi amerudisha vyombo vya watu. Wajomba walitazamana kwanza, kisha wakatazama ugali. Walisogeza vigoda. Mjomba mkubwa alianza upande wake, mjomba mdogo upande wake, wakala taratibu kuelekea kati. Walipokaribiana waliacha. Ukabaki ukuta mwembamba wa ugali, umesimama kama tuta, na hakuna aliyetaka kuugusa. Mimi nilisoma namna ya kuunganisha mbao bila msumari, lakini hilo halikufundishwa. Mama, ambaye maishani mwake hakuwa amekula na wanaume, alikuja akakaa, akanyoosha mkono, akala ule ukuta wote, akauliza kama kuna mtu amemwachia uyoga.

Noeli ya tatu walifika kwa njia moja. Walisema wamekutana mtoni.

Baada ya mavuno yaliyofuata mama aliniita. Alikuwa amekonda na alitembea kwa fimbo. Aliniambia nilipe sasa. Nilimkumbusha maneno yake mwenyewe. Alisema anayakumbuka.

"Nimezeeka," akasema. "Nataka kujua wanakuja kwa ajili ya nini. Kama ni ulezi na sufuria, nijue nikiwa na macho."

Nilipima ulezi kwa kikapu kilekile alichoniazima mjomba. Nilikijaza, nikakitikisa ushuke, nikajaza tena mpaka ukafanya kilima juu. Sufuria niliisugua kwa mchanga na majivu hadi ikawa nyeusi inayong'aa kuliko ilivyotoka boma. Niliwaita asubuhi moja ya kiangazi yenye baridi, pamoja na mkaza mjomba, kwa sababu aliyesema mbele ya watu inafaa aone mbele ya watu. Nilitoa hotuba fupi. Nilisema mfanyabiashara nimemlipa, mjane nimemlipa, na leo namaliza, na kwamba jina langu halidaiwi na mtu toka Songea hadi Pwani.

Mjomba mdogo alichukua sufuria, akaigonga kwa kidole, akaridhika, akaitua kichwani. Mama alikuwa ameketi kizingitini, fimbo mapajani.

Mjomba mkubwa aliinama kwenye kikapu. Alitia mkono hadi kwenye kifundo, akainua ulezi, akauacha udondoke polepole kati ya vidole. Alifanya hivyo mara nyingine. Kisha akasimama wima.

"Pungufu," akasema.

Nilimwambia kwa heshima kwamba kikapu ni kilekile, na kwamba nimekipima mwenyewe.

"Kikapu ni kilekile, mpwangu. Ulezi ni pungufu. Kilichobaki nitakifuata Noeli."

Mkaza mjomba alitazama kile kilima cha ulezi, akamtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikosa la kusema. Nilimgeukia mjomba mdogo awe shahidi wangu, kwa kuwa alikuwa mtu wa boma aliyezoea kuona vitu vikipimwa. Alishusha sufuria. Alikuja akasimama juu ya kikapu, akakitazama kwa muda, mikono nyuma.

"Kaka akisema pungufu," akasema, "ni pungufu."

Mama aliinuka kwa fimbo yake akaingia ndani kutazama moto, ingawa asubuhi ile hatukuwa tumewasha.

Nawaambia wote waliosema sitaweza: siku ile nililipa kila aliyenikopesha, hadi mtu wa mwisho. Kikapu kilijaa mpaka kikamwagika. Kuku wa mama walikuwa wanaokota zile punje miguuni petu tungali tumesimama.