Kichupa cha Maji Matupu

Kazini walimwita Bi Maji, na alilipenda jina hilo kuliko cheo kilichoandikwa kwenye barua yake ya ajira. Kila wiki zahanati kumi na mbili zilituma maabara vijiti vya pamba vilivyopitishwa puani mwa watu wenye homa na kikohozi, na yeye akavipima kujua ni virusi gani vinazunguka mitaani kabla havijajaza wodi. Kwenye kila sampuli arobaini huwekwa kichupa kimoja cha maji matupu. Kazi ya kichupa hicho ni kunyamaza. Mashine ikiona chochote ndani yake, basi kuna mtu amechafua, na majibu yote ya siku hiyo hayaaminiki. Kwa miaka kumi na moja maji ya Bi Maji hayakuwahi kusema neno.

Nyumbani hakuna aliyejua sifa hiyo. Baba yake, fundi cherehani mstaafu, aliwatangazia majirani kwamba binti yake ni daktari, nao wakawa wanamletea magoti na majipu yao kila Jumamosi. Akiwaeleza kwamba yeye hatibu mtu, mzee anaona aibu kwa niaba yake.

"Mwaka mzima unatafuta ugonjwa," alimwambia siku moja. "Ukiukosa unafurahi, ukiupata unaandika ripoti. Ningeshona hivyo mimi, mngekula nini?"

Bi Maji alicheka mpaka chai ikampalia.

Walikuwa wawili tu nyumba nzima. Masikio ya mzee yalikuwa mazito, lakini mapafu ndiyo yaliyomkosesha binti usingizi. Mwaka uliotangulia mafua yalimlaza hospitali wiki tatu, na daktari, huyo daktari wa kweli, alimvuta Bi Maji pembeni akamwambia kwamba mafua mengine kama yale mzee hatayamudu, labda apewe dawa mapema, kabla kifua hakijabana. Tangu hapo aliishi roho mkononi. Kila asubuhi aliinama sikioni mwa baba yake, mdomo ukikaribia kugusa ndevu, akamuuliza amelalaje. Mzee hujibu kwamba amelala kwa kufumba macho.

Kule maabara kuna chumba kidogo wanachokiita chumba safi, ambamo maji na dawa za kupimia huandaliwa. Mlangoni kuna karatasi: simu zibaki nje, barakoa isishushwe. Aliyeiandika ni Bi Maji mwenyewe. Na tuseme ukweli, tangu baba yake augue, Bi Maji huyo huyo alikuwa akiingia na simu kwenye mfuko wa koti jeupe. Koti alishonewa na mzee, na mfuko una kina cha kuficha hata sufuria.

Jumanne moja asubuhi simu ikalia. Kichupa cha maji kilikuwa wazi mkononi mwake. Mzee hakuwa mtu wa kupiga simu ovyo, na moyo ukamlipuka. Alishusha barakoa, akapaza sauti ili asikike, akauliza kuna nini. Mzee alikuwa anatafuta miwani yake. Bi Maji akamwambia ajipapase kwenye paji la uso. Mzee akaikuta hapo hapo, akamwambia aendelee na kazi. Akapandisha barakoa huku anatabasamu, akabadilisha glavu, akafunika kichupa.

Saa tisa alasiri mashine ikatoa majibu, na mstari wa maji ukapanda kwenye skrini: ndani yake mlikuwa na mafua.

Aliutazama mpaka macho yakamchonyota. Mkuu wa maabara akaitwa, mama mmoja mwembamba asiyejua mzaha saa za kazi. Walianza kuzikagua sampuli wakidhani mojawapo imemwagikia maji. Lakini sampuli zote zilizokuwa na mafua wiki hiyo zilikuwa na aina moja, na maji yalikuwa na aina nyingine kabisa. Hayakuchafuliwa na wagonjwa.

"Nani aliingia chumba safi leo?" mkuu aliuliza.

"Mimi peke yangu." Hapo Bi Maji akakumbuka koo lililokuwa likimwasha tangu jana, alilolisingizia vumbi. Akatoa simu mfukoni, akaiweka mezani. "Nilishusha barakoa. Nilikuwa naongea na baba." Hesabu iliyobaki ilikuwa fupi. Kama maji yana mafua, yeye anayo. Na kama yeye anayo, asubuhi alimpulizia baba yake sikioni.

Alingojea kufokewa. Mkuu alimsukumia simu ile ile.

"Kwanza mzee," alisema. "Daftari la makosa litangoja."

Jirani mwenye duka ndiye aliyempeleka mzee zahanati, na mzee alilalamika njia nzima kwamba hana hata chafya. Kijiti chake kikaja maabara na namba tu, kikapimwa na mtu mwingine, kama sheria inavyotaka. Anayo. Na binti anayo. Mzee akameza kidonge cha kwanza jioni ile, kabla hajakohoa hata mara moja.

Homa ilimshika siku tatu, kikohozi siku nne. Bi Maji alikaa chumba cha pili na barakoa yake, sikio ukutani, akihesabu kila kikohozi, na alilia kidogo, halafu akalia tena siku ya tano kilipokoma. Hospitali hawakuiona. Mzee alipopata nguvu akataka kujua walijuaje kwamba ataumwa, naye akamweleza habari ya maji, kwa kupiga kelele kutoka mlangoni. Jumamosi jirani mmoja alikuja na goti lake, na Bi Maji akamsikia mzee akimzuia barazani.

"Binti yangu si daktari," alisema. "Daktari anangoja ukohoe."

Wiki iliyofuata Bi Maji alirudi kazini na kufungua daftari la makosa. Ukurasa wake ulikuwa mweupe tangu aajiriwe. Penye sababu aliandika: Mpimaji alishusha barakoa kuongea na baba yake. Penye hatua zilizochukuliwa alishika kalamu kwa muda, halafu akaandika: Baba anaendelea vizuri.

Mkuu alilisoma mara mbili. Aliifungua ile kalamu nyekundu ambayo wote wanaiogopa, akaweka saini chini yake, asibadilishe kitu.