Chetezo cha Shemeji

Nimelala nyumba nyingi, Msata hadi Saadani, lakini harufu inayonirudisha kwetu Bagamoyo ni ubani wa wakati wa magharibi. Mama alikuwa akifukiza Alhamisi tu. Safari hii niliporudi, nilimkuta shemeji, mume wa dada yangu, akiwasha chetezo kila jioni, na mtoto wao mdogo akipumua kama aliyemeza filimbi.

Mtoto ana pumu. Kliniki iliwaita wazazi wanaovuta sigara, dada akanituma nimsindikize mumewe. Muuguzi hakumgombeza mtu. Alisema kuacha kuna ngazi: wapo wasiofikiria, wapo wanaofikiria, wapo wanaojiandaa, wapo walioacha, na kila mmoja husaidiwa pale alipo, mradi aseme kweli.

Jirani yetu, Mhindi wa duka la vitambaa, ambaye binti yake naye kifua kinamsumbua, alisema yeye hata hajafikiria. Watu wakacheka. Mama mmoja mkulima alisema anafikiria, isipokuwa siku za palizi. Muuguzi akakaa na kila mmoja wao kwa muda mrefu.

Zamu ya shemeji ilipofika, alisema, "Mimi nimeshaacha."

Akapongezwa, akapitwa. Nyumbani nilimsimulia dada habari za ngazi, na mumewe akarudia kuwa ameshaacha.

Baada ya hapo jirani akawa anavuka barabara na sigara yake, moshi usimfikie binti yake, hata mvua ikinyesha. Akiniona hunyoosha mkono kuniambia kapanda ngazi moja, na kwamba akishuka nisimcheke. Shemeji hakuvuka popote. Alivutia uani, nyuma ya bafu, karibu na dirisha la chumba cha mtoto, kisha akaingia na chetezo kuifukia harufu. Dada alidhani mumewe anamfukizia mtoto dhidi ya husuda. Alimshukuru, akamwongezea makaa.

Filimbi ile ilipanda siku hadi siku. Mimi miguu ilishaniwasha, mfuko wangu uko mlangoni, lakini sikuweza kuondoka nikiiacha nyuma.

Jioni moja mtoto alishindwa hata kulia. Alifungua kinywa, sauti haikutoka. Dada alikuwa jikoni. Moshi ulikuwa umejaa chumbani mpaka kwenye chandarua.

"Shemeji, zima chetezo," nilimwambia.

Alinisogelea, akanong'ona. "Nikizima, dada yako atanusa."

Nilichukua kopo la maji ya kunawia nikamwagia makaa. Yakalia, yakanyamaza. Nilifungua madirisha yote. Ubani ulitoka polepole, na nyuma yake ikabaki ile harufu nyingine, nzito, imeshika mapazia, imeshika shati lake, imeshika shuka la mtoto.

Dada aliingia. Alisimama akinusa. Alimnyanyua mtoto, akamweka begani, akasikiliza mgongo wake kwa sikio.

"Baba watoto," alisema taratibu, "kliniki ulisema uko ngazi gani?"

Shemeji alitazama makaa yaliyolowa.

"Sijaanza," alisema.

Dada alikwishavaa ushungi. Nilitangulia kutafuta bajaji ya kwenda hospitali, naye akanifuata na mtoto. Njia nzima nilikuwa nikiisikilizia filimbi ile begani kwake, nikiogopa isije ikanyamaza.