Bahari ya Sebuleni kwa Mama Mkubwa

Mama mkubwa wangu, dada yake mama, alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na wanafunzi walimpa jina la Mwiko. Hawakumpa bure. Mtoto aliyethubutu kusema chakula hakina ladha aliuona huo mwiko kwa karibu. Jikoni kwake hapakuwa na kijiko cha kupimia kitu chochote. Alichota chumvi kwa kiganja, akaonja kwa ncha ya ulimi, basi, imetosha. Miaka yote niliyolelewa kwake sikuwahi kusikia mtu akimwambia chumvi imezidi. Pengine iliwahi kuzidi, lakini nani angejitia kitanzi?

Mumewe, baba mkubwa, mtaani walimwita Kapteni, ingawa alikuwa fundi wa injini melini na usukani aliuona kwa mbali tu. Alikuwa mtu wa maneno jamani. Akianza habari za bandari, chai ilipoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Nikiikumbuka sebule ile, na vitambaa vya kufuma juu ya makochi, na sauti ya yule mzee ikipanda na kushuka, moyo unaniuma mpaka leo. Tuliishi mbali sana na bahari, kwa hiyo sisi bahari tuliijua kwa mdomo wake.

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalegea, akaacha kusema. Daktari hakutuficha: sauti ipo, lakini asipojaribu kuitumia itampotea kabisa. Tulimbembeleza weee. Majirani walileta vichekesho vyao vya zamani. Wapi! Alikaa kwenye kochi lake la dirishani akautazama ukuta, mtu aliyemaliza shughuli zake duniani. Mama mkubwa akaacha kazi ili amuuguze, na mara nyingi nilimsikia jikoni akizungumza na sufuria.

Ndipo akapata wazo la tangi. Katika hadithi zote za Kapteni, hakuna aliyoirudia kama ile ya samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, aliowaona kando ya gati akiwa kijana. Mama mkubwa akaamua kwamba kama mzee hawezi kwenda baharini, bahari itahamia sebuleni. Mama yangu akamwambia huo ni wazimu. Akajibiwa aende akaangalie vyungu vyake.

Muuza samaki wa mapambo alikuwa mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alimletea tangi la kioo, pampu, hita, mchanga, mawe ya baharini, na chumvi maalumu ya kuchanganya na maji yaliyochujwa. Akamsihi asiwe na pupa ya samaki. Tangi likae majuma kadhaa likizungusha maji tu, mpaka vijidudu visivyoonekana vizaliane kwenye mawe na mchanga. Hivyo ndivyo vitakavyokula uchafu wa samaki, la sivyo uchafu huo utawaua. Akampa na kipimo cha kioo kinachoelea, cha kujua kiasi cha chumvi, na mama mkubwa akakitupia kwenye droo ya kabati la vyombo, palepale sebuleni.

"Nimelisha shule nzima kwa ulimi huu," alisema. "Leo nifundishwe chumvi na kidude cha kioo?"

Kwenye kungoja, nampa haki yake, alingoja. Mawe yaliota utando wa kahawia, na yeye, mwanamke asiyevumilia doa sakafuni, alijizuia kusugua. Alisema ni kama unga wenye hamira, ukiufunuafunua hauumuki. Mwishowe maji yakatakata, muuzaji akayapima akaridhika, na samaki wawili wakaja. Kapteni aligeuza shingo akawatazama. Neno hakusema, lakini shingo aligeuza, na mama mkubwa akakimbilia bafuni kulia.

Sasa sikieni balaa. Maji ya tangi hupungua yenyewe kwa kukauka. Mama mkubwa akiona yameshuka, anaonja, anaongeza maji ya chumvi, kama anaongeza mchuzi. Kumbe yanayokwenda ni maji peke yake, chumvi inabaki palepale. Na ulimi ukionja kitu kila siku, unakizoea. Muuzaji alikuwa amemwambia kabisa: yakipungua, jazia maji yasiyo na chumvi. Sikio la kufa halisikii dawa. Samaki mmoja tukamkuta amelala ubavu mchangani, amekufa. Wa pili akawa anahema juujuu, chakula hataki.

Mama mkubwa aliilaumu pampu, akamlaumu muuzaji, akanilaumu mimi kwa kugonga kioo. Kapteni akarudi kwenye ukuta wake. Sote tulijua kwamba yule wa pili akifa, mzee huyu hatutampata tena.

Asubuhi moja mama mkubwa alikuwa anamimina tena maji ya chumvi kwa jagi. Kapteni akainua mkono wa kushoto, akanionyesha kwa kidole kabatini, kwenye droo. Nikamletea kipimo. Fundi wa injini haamini ulimi, anaamini mshale. Akanielekeza tangini, nikakitia, akainama akakisoma kwa muda. Midomo ikaanza kumtetemeka.

"Chumvi," alisema, kwa sauti iliyokwaruza. "Imezidi."

Nilitafuta pa kujificha. Mama mkubwa aliweka jagi chini taratibu, akamuuliza amesemaje.

"Imezidi," akarudia. Akapumzika, akavuta pumzi. "Na kwenye mchuzi... pia. Miaka yote."

Mama mkubwa alikaa sakafuni palepale, akacheka huku machozi yakimtiririka, na mimi sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili.

Tulipunguza chumvi kidogokidogo, siku kwa siku, ili samaki asishtuke. Akapona, akaletewa mwenzake. Kapteni akawa mkuu wa mitambo: kila asubuhi kipimo, kisha amri, na maneno yakamrudia, mengine yamepinda, lakini yakarudi. Wakabishana kutwa nzima. Chai ikaanza tena kupoa. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile ya kusikia watu wawili wakigombana.

Kapteni alitangulia, baada ya miaka mizuri. Nilipokwenda kumtembelea mama mkubwa, samaki walikuwa wanacheza, maji yako sawasawa, kipimo kinaning'inia kando ya tangi. Alinipakulia mchuzi, akasimama akingoja. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaniomba nimwambie ukweli.

Nikamwambia hauna chumvi hata kidogo.

Akaitikia kwa kichwa, akalitazama lile kochi la dirishani.

"Naogopa nisije nikamzidishia," alisema.

Tukaula hivyohivyo.